Profesa Mtolela Hajambo

Msomaji, nchi ya Subirini haipo. Nasema mapema ili tusije tukagombana baadaye. Ukiitafuta kwenye ramani utachoka bure, na ukiona inafanana na mahali ambapo bomba linakohoa asubuhi na umeme unaaga jioni, hilo ni shauri lako na macho yako. Mimi simo.

Basi katika nchi hiyo isiyokuwepo kuna Chuo Kikuu cha Taifa, na katika chuo hicho kuna huruma ambayo hujapata kuiona. Kwingineko mhadhiri mpya akiajiriwa hutupiwa chaki akaambiwa darasa ni lile pale. Subirini hawana ukatili huo. Subirini mhadhiri mpya ni mtoto mchanga: hashiki chaki, hasimami mbele ya wanafunzi wala hapigi chafya kikaoni mpaka apewe mlezi. Kazi hiyo ina chombo chake, Kurugenzi ya Ulezi, Uelekezi na Utulizaji wa Wahadhiri Wapya, ambayo jengo lake ni kubwa kuliko maktaba. Maktaba yenyewe ilihamishiwa kwenye banda la pikipiki ili Kurugenzi ipate nafasi ya kulea.

Sheria ya Ulezi ni fupi, kama zilivyo sheria zote zinazouma. Mlezi atahudhuria mihadhara ya mlelewa wake. Mwisho wa mwaka wa matazamio atafika mbele ya Baraza na kusema neno. Neno likiwa jema, mlelewa anathibitishwa kazini. Likiwa baya, anafungasha. Rufaa hakuna, maana kukata rufaa ni dalili ya mtu ambaye hakulelewa.

Mikononi mwa huruma hiyo ndipo alipoangukia Dokta Sikudhani Malekela, mtaalamu wa maji ya ardhini. Alikuwa ameacha kazi ughaibuni, kwenye maabara ambayo hata mbu hawakuingia bila kitambulisho, akarudi kwa sababu moja ya kipumbavu: alitaka kuwafundisha watoto wa nchi yake kutafuta maji chini ya miguu yao wenyewe. Mama yake alimlilia kwenye simu.

"Mwanangu, sisi huku tunaishi kwa kuzoea. Wewe umeshazoea kwingine."

"Nitazoea tena, mama."

Akarudi. Ile nafasi ya ughaibuni ikachukuliwa kabla viatu vyake havijapata vumbi. Kwa hiyo mambo yalikuwa mawili tu: athibitishwe, au akalale chumba kimoja na mama yake na magunia ya karanga.

*

Mkurugenzi wa Ulezi aliitwa Profesa Chondoma, mtu mwenye sauti ya kubembeleza hata anapokufukuza.

"Karibu, mtoto wetu," alisema, akimshika Sikudhani mkono kwa mikono yote miwili. "Umelala salama? Umekula? Kuna anayekuonea? Niambie mapema. Hapa sisi tunalea."

"Nashukuru, Profesa. Ningependa kuanza kufundisha."

"Haraka ya nini? Mtoto hutambaa kwanza." Akatabasamu kama aliyevumbua kutambaa. "Lakini una bahati. Tumekupa mlezi wa dhahabu. Profesa Mtolela."

Sikudhani alitoka pale akiwa na furaha, akaenda kuitafuta ofisi ya mlezi wake. Njiani akakutana na Dokta Ngwalida, mhadhiri mpya mwenzake, amebeba mkoba wa mlezi wake begani, koti la mlezi wake mkononi, na mkungu wa ndizi za mlezi wake kichwani.

"Nani? Mtolela?" Ngwalida alisimama, mkungu ukayumba. "Mtolela huyu aliyezikwa nyuma ya kanisa la chuo?"

"Usinitanie, bwana."

"Dada, nikutanie na mzigo huu? Wiki iliyopita mlezi wangu kanituma nikamfyekee majani pale kaburini. Walikuwa marafiki." Akamtazama Sikudhani kwa wivu usiofichika. "Lakini wewe umeneemeka. Wako hali, hafugi mbuzi."

Sikudhani akapitia nyuma ya kanisa, akajionea mwenyewe, akageuza njia kurudi Kurugenzi.

"Profesa Chondoma, samahani. Profesa Mtolela amefariki."

"Nani kasema?"

"Watu wote."

"Watu wote si kitengo."

"Kaburi lake nimeliona. Limeandikwa jina."

"Dokta, jina langu limeandikwa kwenye ukuta wa uwanja wa mpira. Je, mimi ni goli?" Mkurugenzi akamketisha, akamwekea chai, akashusha sauti kama anayemweleza mtoto habari za radi. "Sikiliza. Katika utumishi wetu mtu hafi ovyo ovyo. Upo utaratibu wa uhakiki. Mtumishi anafika mwenyewe, na vyeti vyake halisi, anatamka mbele ya afisa kwamba hali yake imebadilika. Profesa Mtolela tumemwita aje, mwaka baada ya mwaka. Hajafika. Mtu ambaye hajaja kutuambia amekufa, sisi tumuue? Sisi si wauaji."

"Hawezi kuja, Profesa."

"Hilo nalo angekuja kulisema." Akanywa chai. "Na tena nikuambie kitu. Katika walezi wetu hakuna mwenye sifa safi kama zake. Hajamtukana mlelewa. Hajamtaka mlelewa kimapenzi. Hajaweka jina lake kwenye utafiti wa mlelewa. Unajua wenzako wanavyolia huko?"

"Hakuna mwingine?"

"Wengine wote wako kwenye semina ya ulezi."

*

Profesa Mtolela alikuwa na nyumba Mtaa wa Maprofesa, nyumba ya chuo, yenye bati jekundu na mpapai mmoja mkaidi. Barazani alikaa mkewe, Bi Asteria, mwanamke mnene wa umri wa kuitwa mama na kila mtu, ungo mapajani, akichambua mchele.

"Hodi hapa. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mlelewa?" Bi Asteria hakuinua macho. "Mwenzako wa mwaka jana alikuja na kuku. Wewe umekuja na nini?"

"Nimekuja na maswali."

"Maswali hayaungwi nazi, mwanangu. Haya, ingia."

Sikudhani akaingia, akakaa, akameza mate, akasema lililomleta: kwamba Kurugenzi inasema Profesa yu hai, naye anaomba msaada wa kuthibitisha kwamba si hai, ili apewe mlezi anayepumua. Bi Asteria alicheka mpaka ungo ukamwaga mchele.

"Pole, mama. Sikukusudia..."

"Pole ya nini? Mume wangu angefurahi. Alipokuwa hai hawakumwona. Alipokufa wamegoma kumwachia." Akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, na aliposema tena kicheko kilikuwa kimemtoka. "Lakini nikueleze, ili ujue unachoomba. Nyumba hii si yangu. Mtumishi akifa, familia inatoka kabla tanga halijaanuliwa, ndiyo sheria yao. Siku watakayokubali kwamba Mtolela amekufa, natoka na masufuria yangu. Na sina pa kuyapeleka."

Sikudhani akatazama masufuria. Yalikuwa yamepangwa ukutani kwa ukubwa, yanang'aa.

"Sasa mimi nifanye nini, mama?"

"Ufanye walivyofanya wenzako." Bi Asteria akaenda chumbani, akarudi na joho jeusi lenye utepe wa dhahabu, limepigwa pasi, na kofia yake ya pembe nne. "Huyu hapa. Kesho mpeleke kazini."

*

Hivyo ndivyo joho lilivyoanza kuhudhuria mihadhara. Kila asubuhi Bi Asteria alikuja nalo limekunjwa kwenye kikapu, akalivika kiti cha mbele, akaweka kofia juu, naye akakaa kiti cha pili. Wanafunzi walisimama. "Shikamoo, Profesa!" walisema kwa pamoja, kisha wakajibiana marahaba wenyewe, kwa heshima. Afisa wa Kurugenzi alipita mlangoni, akachungulia, akaona joho, akaenda zake ameridhika. Madarasa mengine walezi walikuja na miili yao wakalala wakakoroma. Joho halikukoroma. Ikasifiwa kwamba huyu ndiye mlezi pekee anayesikiliza.

Na Sikudhani alifundisha. Alifundisha namna miamba inavyoshika maji, namna ya kusoma mteremko, namna ya kuuliza ardhi kabla ya kuitoboa. Wanafunzi wakaanza kukaa hadi madirishani. Baada ya kipindi yeye na Bi Asteria walikwenda nyumbani kula, na Bi Asteria alitoa tathmini kwa niaba ya marehemu.

"Profesa anasema leo umekimbia sana."

"Profesa angenyoosha mkono."

"Mikono haimo, unaona mwenyewe. Ongeza wali. Anasema pia umekonda, utaaibisha idara."

Kwa miezi ile Sikudhani hakuwahi kuwa na mtu mwingine wa kumuuliza kama amekula. Kama huo si ulezi, msomaji, basi mimi sijui neno.

Katikati ya mwaka ilifanyika Semina ya Kitaifa ya Ulezi, hoteli ya ufukweni, mbali na chuo, ili walezi wasisumbuliwe na walelewa. Wahadhiri wapya waliruhusiwa kuja kubeba viti. Profesa Chondoma alihutubia.

"Ulezi ni nini?" alinguruma, ukumbi ukanyamaza, kwa sababu chakula kilikuwa bado. "Ulezi ni kulea! Na kulea ni nini? Ni kumshika mtu mkono asiende! Nchi zilizoendelea zinamwachia mhadhiri mpya akimbie. Akikimbia akianguka je? Sisi tumesema hapana! Kwetu haanguki mtu, kwa sababu hainuki mtu!"

Wakapiga makofi. Mlezi wa Ngwalida alipiga kwa nguvu zaidi, kisha akamgeukia kijana wake: "Umeshawapa mbuzi maji?"

"Nitawapa nikirudi, Profesa."

"Hapo ndipo unapofeli. Hujitumi."

Ngwalida akamnong'oneza Sikudhani, "Wako yuko wapi?"

"Amebaki. Anafuliwa."

"Mungu anipe mimi kama huyo," Ngwalida akasema, na macho yake yalikuwa na unyevu wa kweli.

*

Mwaka ukafika mwisho. Kabla ya kikao cha Baraza, Profesa Chondoma alimwita Sikudhani akamtuliza. Asiwe na wasiwasi hata kidogo. Profesa Mtolela ataulizwa kama ana neno, atanyamaza, na desturi inajulikana: bibi harusi akiulizwa na shehe au padri mbele ya watu, akainamisha kichwa akanyamaza, si ameridhia? Kimya cha Profesa ni idhini. Wamethibitishwa wengi kwa kimya hicho.

Tatizo ni kwamba mwaka ule Makamu Mkuu wa Chuo alikuwa mpya. Alikuwa ametoka masomoni ughaibuni, kozi fupi ya tathmini, na kozi fupi, msomaji, ni kama pombe ya kienyeji: kikombe kidogo, kelele nyingi.

Kikao kilianza kwa dua, wimbo wa chuo na chai. Joho likavikwa kiti cha walezi. Bi Asteria akakaa nyuma yake na kikapu. Sikudhani akasimama katikati ya ukumbi, mikono nyuma, kama mtoto wa shule aliyevunja kioo.

"Profesa Mtolela," alisema Makamu Mkuu, akiinama kidogo mbele ya joho, "umemlea Dokta Malekela mwaka mzima. Una neno gani juu yake?"

Joho likanyamaza.

"Kimya, Mheshimiwa," Profesa Chondoma akadakia kwa furaha. "Ameridhia. Tuendelee na..."

"Taratibu." Makamu Mkuu akainua kidole. "Hayo ya maharusi yalikuwa zamani. Tathmini ya kisasa inataka ushahidi. Mlezi mwenye jema angelisema. Profesa huyu ni mtu mzima, msomi, mpole. Hataki kumwaibisha binti hadharani, ndiyo maana anaumia kimya kimya. Mimi nimemwelewa. Kimya hiki kinasema: hafai."

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa huruma kulielekea joho.

Sikudhani alifungua mdomo. Maneno yalikuwa matatu tu: mlezi wangu amekufa. Yalikuwa yamesimama ulimini, yamevaa viatu, tayari kutoka. Yakitoka, kimya kile hakiwezi kumhukumu, maana maiti hana maoni. Akatazama nyuma ya joho. Bi Asteria alikuwa ameshika kikapu kwa mikono miwili. Hakumkonyeza wala kumtikisia kichwa. Alikuwa anatazama sakafu, kama mtu anayesubiri kupigwa, aliyemwachia mpigaji aamue mwenyewe.

Sikudhani akafunga mdomo. Chumba cha mama yake kikamjia, na magunia. Akakiambia kimya kimya: haya, nakuja.

"Dokta huna la kusema?" aliuliza Makamu Mkuu.

"Sina, Mheshimiwa."

"Mwanangu, usinifanyie hivyo." Ilikuwa sauti ya Bi Asteria, na alikuwa amesimama. "Waheshimiwa, msimwonee mtoto wa watu. Mume wangu hajamkataa. Mume wangu amekufa. Nimemwosha kwa mikono hii, nikamvisha soksi kwa sababu miguu yake ilikuwa haipendi baridi. Huyu binti anajua tangu siku ya kwanza, ananyamaza ili mimi nisitolewe kwenye nyumba. Sasa basi. Nitoeni. Yeye mwacheni afundishe, anafundisha vizuri, mimi nimemsikiliza mwaka mzima nikiwa macho, nyie mlikuwa semina."

Ukumbi ulikaa kimya, kimya ambacho hata Makamu Mkuu hakuthubutu kukitafsiri.

Kisha jasho likaanza kumtoka Profesa Chondoma. Hapo sina budi kukufichulia jambo ambalo kila mjumbe alilijua: Chondoma mwenyewe alilelewa na Profesa Mtolela, tena baada ya mazishi. Mkuu wa Ndaki vilevile. Mwanasheria wa chuo vilevile. Kama Mtolela alikuwa amekufa muda wote huo, basi hawakulelewa; kama hawakulelewa, hawakuthibitishwa; na kama hawakuthibitishwa, lile halikuwa Baraza, ilikuwa barza ya watu wanaokunywa chai ya umma.

"Mheshimiwa," alisema Mwanasheria, sauti imekauka, "sheria inataka mtuhumiwa asikilizwe."

"Sawa kabisa." Makamu Mkuu akaligeukia joho. "Profesa, mwanamke huyu anadai umekufa. Je, unakiri?"

Joho likanyamaza.

"Hajakiri," akasema Makamu Mkuu. "Iandikwe. Wanaoafiki kwamba Profesa Mtolela hajambo?"

Mikono yote ikapanda. Ya Chondoma ilipanda miwili.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio, kama yanavyokwenda Subirini pale ambapo anayeumia si mkubwa. Mwanasheria alieleza kwamba, kwa kuwa Profesa yu hai, hana mjane. Kwa kuwa hana mjane, mwanamke anayejiita mjane wake si mtu wake. Na kwa kuwa si mtu wake, amekuwa akiishi ndani ya nyumba ya mtumishi wa umma bila idhini ya mwenye nyumba. Atoke leo.

"Mimi nimeolewa naye kanisani!" alisema Bi Asteria.

"Basi usingemzushia kifo," alijibu Mwanasheria kwa upole.

"Na Dokta Malekela," Makamu Mkuu akaendelea, "tulikuwa tunafikiria kukuongezea mwaka. Lakini tumeshuhudia jambo la kusikitisha. Mlezi wako amezushiwa kifo mbele yako, nawe hukumtetea. Ulisimama tu."

"Nilinyamaza kwa kumhurumia mama huyu."

"Kunyamaza kuna aina zake." Akaonesha joho kwa mkono wote. "Tazama mlezi wako. Yeye ananyamaza kwa hekima. Wewe umenyamaza kwa utovu wa nidhamu. Hukujifunza chochote kwake."

Profesa Chondoma akamsindikiza hadi mlangoni, akimshika mkono kwa mikono yote miwili. "Usikate tamaa, mtoto wetu," alinong'ona. "Milango yetu iko wazi." Akaufunga.

Bi Asteria alirudi kuchukua joho. Mlinzi akamzuia. Joho ni mali ya chuo, alisema, na tena kikao hakijaisha.

*

Jioni wawili hao walikuwa nje ya nyumba ya bati jekundu, wakipakia masufuria kwenye mkokoteni. Sikudhani alikuwa amempigia mama yake simu kwamba anarudi na mgeni wa kukaa naye, na mama yake alikuwa ameuliza jambo moja tu, kama huyo mgeni anakoroma.

"Mwambie nakoroma," alisema Bi Asteria. "Nisije nikaingia kwa uongo. Uongo nimemaliza leo."

"Ungenyamaza tu, mama. Ungebaki na nyumba."

"Na wewe ungesema, ungebaki na kazi. Wajinga wawili. Shika huko, lisianguke hilo kubwa."

Wakati wanafunga kamba, Ngwalida alitokea mtaani akikimbia. Kichwani hakuwa na mkungu, begani hakuwa na mkoba, na uso wake ulikuwa umekunjuka kama wa mtu aliyetolewa jela. Alipowaona na mkokoteni akapunguza mwendo, akaona haya.

"Poleni sana," alisema. "Mimi wameniongezea mwaka. Mlezi wangu alisema sijitumi." Akakanyaga kanyaga chini. "Lakini wamenibadilishia. Niliomba mwenyewe. Nimepewa Profesa Mtolela."

"Hongera," alisema Sikudhani, na hakuwa anakejeli.

"Na yeye wamemfanyaje?" aliuliza Bi Asteria. "Mume wangu."

"Amethibitishwa, mama. Wamemwongezea muda wa utumishi. Na nyumba wamesema abaki nayo mwenyewe, asisumbuliwe na mtu."

Bi Asteria akaitazama nyumba. Walikuwa wamekwisha funga madirisha na kuzima taa ya barazani.

"Peke yake humo," alisema. "Na alikuwa anaogopa giza, yule."